Tairi za Meno Kwenye Lami

Kituo cha Mifugo,
Ruiri.
9 Januari 1995

Shemeji Mbaka,

Huku tumefungua mwaka tukiwa hai, na hiyo inatosha kwa salamu. Nina neno linalonikaba tangu kabla ya Krismasi. Nisipoliandika leo nitaanza kuligombeza gari, na gari halina kosa.

Unakumbuka siku ile tulipoitwa Embu, mimi na wewe, madereva wawili wa mradi mmoja, tukakabidhiwa magari mapacha? Yote meupe, yote makubwa, yote mapya. Tofauti ilikuwa miguuni tu. Moja lilikuwa na tairi laini za lami. La pili lilikuwa na zile tairi nene za meno, zilizoandikwa A/T ubavuni, za kupanda mawe na kutoka kwenye matope. Hata mtoto wa darasa la kwanza angejua lipi ni la ofisi ya Embu na lipi ni la kituo cha Ruiri. Lakini mzee wako, mkubwa wetu Bwana Salesio Rwamba, akalizunguka lile la meno, akapiga tairi teke, akasema, "Hii sasa ni gari," akapanda. Ukawasha, mkaenda zenu. Mimi nikabaki na viatu vya harusi vya kuendea shambani.

Sasa niambie, mzee wako huenda wapi? Ofisini, Nairobi kwa mikutano, kanisani Jumapili. Ni lami mpaka mlangoni. Mimi tangu nipewe gari hili nimepasua tairi mbili, zote ubavuni, kwa haya mawe meusi ya huku. Ubavu wa tairi ya lami ni mwembamba, jiwe linaukata kama papai.

Ya mawe ningevumilia. Kinachoninyima usingizi ni mvua. Mwishoni mwa mwezi wa tatu tutaletewa dawa ya kuchanja ng'ombe wote wa kule chini, ng'ambo ya mto, dhidi ya homa ya mapafu. Kuna wafugaji wanaopita wakisema ugonjwa uko njiani unakuja. Ule mteremko wa kwa Kiambi unaujua. Kukiwa kukavu nitashuka hata na viatu vya harusi. Ikinyesha siku mbili tu, udongo ule unajaa kwenye tairi laini, inakuwa kipande cha sabuni. Na dawa inakaa kwenye barafu, haiwezi kungoja tukokotwe.

Na kule chini, shemeji, ndiko mama alikohamia kutoka Githongo na ng'ombe wake watano. Wawili kati yao unawajua vizuri. Uliwaleta wewe ulipokuja kumwomba Kathambi.

Ombi langu ni fupi. Mwambie mzee tubadilishane tairi. Si magari, tairi tu. Rimu ni zilezile, nati ni zilezile. Kwa kuwa namba za tairi zimeandikwa kwenye kitabu cha gari, inatakiwa sahihi yake moja, basi. Wewe unakaa naye bega kwa bega siku nzima. Mimi nikipiga simu ya ofisi anaishika yeye mwenyewe, na sijui dereva anaanzia wapi kumwambia mkubwa kwamba alichagua vibaya.

Msalimie dada yangu.

Shemeji yako,
Thuranira


Majimbo, Embu.
19 Januari 1995

Mheshimiwa shemeji Thuranira,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, Kathambi akisikiliza. Pale pa viatu vya harusi alicheka mpaka akamwaga chai. Tulipofika kwa ng'ombe wa mama akaomba nirudie hapo.

Usidhani mimi nafaidi. Wewe unaziona tairi hizi kwa macho, mimi nazisikia. Mpaka kilomita sitini ni shwari. Ukifika themanini zinaanza kulia, mlio mmoja tu, uuuuu, kutoka Embu hadi Nairobi na kurudi. Redio tumeacha kufungua. Mzee akitaka kuniambia kitu anapaza sauti kana kwamba niko ng'ambo ya bonde, nami namjibu vivyo hivyo, na watu wakituona hudhani tunagombana. Changarawe zinanasa katikati ya meno, zikichomoka zinapiga bodi, ta, ta, ta. Dizeli inaisha kabla ya siku yake, na karani ananitazama kama mwizi. Gari ni zito kuondoka, na kwenye kona linayumba kidogo kama mtu aliyevaa gambuti. Hapa mtaani Kathambi hunisikia nikiwa bado barabara kubwa, nikifika mlangoni chai iko mezani. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoiona.

Na kinachoniuma kuliko kelele ni kwamba zinaisha. Lami inazisaga. Yale meno ya katikati yaliyokuwa na ncha kali, sasa ukipitisha kidole ni ya mviringo. Tairi za kung'ata mawe zinaliwa bure kwenye barabara iliyonyooka.

Lakini mzee anazipenda, shemeji, nisikufiche. Akitoka ofisini husimama kwanza akalitazama gari. Kila asubuhi mimi naziosha kwa brashi na kuzipaka ile dawa ya kung'arisha, zinameta, naye akija hutikisa kichwa na kusema, "Ah, Mbaka." Basi moyo wangu unatulia. Unajua huu ni mwaka wa tatu niko hapa kwa kibarua. Barua yangu ya kuajiriwa kabisa iko mezani kwake, inangoja tu mkono wake.

Hata hivyo wewe ni kaka ya mke wangu. Ukishaomba, mimi ni nani wa kusema mengine? Nitamwambia wiki hii hii.

Kathambi anauliza kama mama alipata ile shuka.

Mimi mkwe wenu,
Mbaka


Ruiri.
6 Februari 1995

Shemeji,

Shuka ilifika. Mama anaivaa hata kwenye jua.

Wiki ile uliyosema imepita, na nyingine mbili zimeipita hiyo. Sikukimbizi. Nakuandikia tu ujue hali ilivyo huku.

Jumatano nilipasua tairi ya tatu. Nilikuwa na Daktari Makandi, yule daktari wetu wa mifugo, tunatoka kuangalia mbuzi. Hatukuwa na spea nyingine, kwa sababu spea ndiyo ilikuwa imefungwa gurudumu la mbele. Tukatembea hadi barabarani, muda wa saa tatu juani, yeye kabeba sanduku la sindano, mimi nimebeba tairi begani. Hakunilaumu, na ingekuwa afadhali anilaumu. Alisema tu, "Thuranira, hii story ya tairi naiandikia Embu mimi mwenyewe, official."

Nikamwambia asubiri kwanza, shemeji yangu analishughulikia kwa upole. Nimefanya vizuri au vibaya? Yeye ni mtu wa kuandika barua kali, anaweka nakala kwa kila mtu. Nisingependa mzee wako akasirike, halafu hasira zikuangukie wewe na ile barua yako.

Nijibu haraka. Kama mzee amekataa, niambie amekataa. Nitajua nishike lipi.

Thuranira


Majimbo, Embu.
16 Februari 1995

Mheshimiwa shemeji,

Umefanya vizuri kabisa. Mwambie daktari asiandike. Mzee hapendi kusukumwa, na barua yenye nakala kwa wakubwa ingeharibu kila kitu.

Mzee nimeshamwambia. Amelisikia. Amesema analifikiria, na mimi namjua, akifikiria jambo huishia kukubali. Inashughulikiwa. Wewe endelea na maandalizi yako ya chanjo bila wasiwasi.

Juzi tulipata kamvua kidogo hapa mjini, lami ikalowa tu. Nikatoka kazini na mzee, ng'ombe wa mtu akakatiza barabara, nikakanyaga breki. Shemeji, gari halikusimama. Watu hudhani tairi ikiwa na meno makubwa inashika kila kitu. Kwenye matope inashika kweli, lakini kwenye lami iliyolowa ni vile vinundu vichache tu vinavyogusa chini, vikateleza, tukaenda upande upande mpaka karibu na mtaro. Ng'ombe alisalimika kwa akili zake mwenyewe. Mzee alikuwa ameshika mkono wa mlango kwa mikono miwili. Akasema, "Hizi tairi, Mbaka! Hizi tairi!" Nikasema, "Ndiyo, mzee." Tukaendelea na safari.

Kathambi anamsalimu mama sana.

Mkwe wenu,
Mbaka


Ruiri.
13 Machi 1995

Mbaka,

Umekuwa kimya tangu ile barua ya ng'ombe barabarani. Mwezi mzima kasoro siku tatu.

Wingu limeshuka mpaka limefunika mlima wote. Jana asubuhi yalidondoka matone makubwa, yakaacha. Hiyo ni hodi tu, wenyewe wanakuja. Dawa tumeambiwa itafika tarehe ishirini na saba, haiwezi kufika mapema hata tukilia.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa nimeweka shingo yangu. Daktari Makandi ana njia mbili. Moja ni trekta la shamba moja la ngano huku juu. Mwenyewe yuko tayari kutuazima, lakini anataka tumwambie wiki hii, mvua ikianza kunyesha trekta litaingia shambani halitoki. Ya pili ni punda wa Kiambi, nao ni wiki hii, kuna watu wa mawe ya kujengea wanaowataka. Daktari ameniuliza mbele ya wenzangu wote, "Hizo tairi zako zinakuja ama hazikuji? Nataka yes ama no." Nikasema zinakuja. Nikasema ni za shemeji yangu, na shemeji yangu amenipa neno lake.

Kwa hiyo trekta tumeliacha. Punda tumewaacha.

Nimekwenda kwa mama Jumapili. Watu wa kule wameanza kujenga kizuizi cha miti cha kupitishia ng'ombe siku ya chanjo. Mama anawasaidia kubeba fito, umri ule. Aliniuliza siku, nikamwambia ni tarehe ishirini na nane.

Nataka neno moja kutoka kwako. Moja tu.

Thuranira


Majimbo, Embu.
21 Machi 1995

Mheshimiwa shemeji,

Usitie shaka. Mzee ameshakubali kwa mdomo, imebaki kalamu. Tarehe hiyo ya ishirini na saba tairi zitakuwa kwako. Kama si tarehe yenyewe basi kesho yake asubuhi.

Nakuandikia kwa haraka, tunaondoka kwenda Nairobi.

Mkwe wenu,
Mbaka


Ruiri.
10 Aprili 1995

Mbaka,

Sina salamu. Nisamehe, ama usinisamehe.

Mvua ilianza tarehe ishirini na nne na haijaacha. Dawa ilifika siku ileile iliyosemwa, saa nne asubuhi, sanduku mbili zimejaa barafu. Nikasimama getini kungoja lori la Embu. Nilisimama pale mpaka jioni kama mtu aliyeahidiwa bibi. Kesho yake asubuhi nikasimama tena. Saa tano daktari akaja, akapakia masanduku nyuma ya gari, akakaa mbele, akafunga mkanda. Nikawasha.

Nilifunga kamba za mkonge kuzunguka tairi za nyuma, zizuie kidogo. Kamba zilikatika hata kabla ya kwa Kiambi. Kwenye mteremko steringi ikawa haina kazi. Nageuza kushoto, gari linakwenda linakotaka. Tulishuka kwa ubavu mita mia moja na zaidi, tukalala kwenye mtaro, mlango wa daktari ukiwa chini na wangu ukiangalia mbinguni. Hakuna aliyeumia. Nilichimba, nikaweka matawi, nikaweka mawe, nikaweka hata mikeka ya gari na koti langu. Tairi zilizunguka tu palepale, laini kama kichwa cha mtoto mchanga, hazina hata ufa wa kushikia.

Tukatuma mtu kwa yule wa trekta. Trekta liko shambani. Tukatuma mtu kwa punda. Punda wako kwa watu wa mawe.

Tulikaa pale siku mbili. Ng'ambo ya mto niliwaona watu wamesimama na ng'ombe wao kwenye kile kizuizi. Mvua inawanyeshea, wanatungoja. Niliiona shuka ya mama. Sikuweza hata kuwapigia kelele wasikie, mto ulikuwa unanguruma.

Barafu iliyeyuka. Daktari Makandi alifungua chupa moja moja akamwaga, ndivyo sheria ya dawa hiyo ilivyo, ikishapata joto si dawa tena. Alimwaga zote mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Nyingine itachukua miezi miwili kuja.

Mzee wako alikubali kwa mdomo. Mdomo huo uko wapi?

Thuranira


Ruiri.
22 Mei 1995

Mbaka,

Hukujibu ile ya mwezi wa nne. Kathambi ameandika kwa mama, anasema huli vizuri na huongei, na yeye hajui sababu. Basi nakuongezea.

Homa imefika ng'ambo ya mto. Wale wako wawili ndio waliotangulia, yule mwekundu Jumanne, mwenye baka jeupe Alhamisi. Jana amekufa wa tatu. Ng'ombe mwenye homa hii huwa ananyoosha shingo, anafungua mdomo, anatafuta hewa, na mama anakaa naye mpaka mwisho, anampepea kwa ile shuka. Kwa Kiambi wamebaki wanne kati ya kumi na mmoja. Wamewekewa karantini, hakuna kuuza, hakuna kuhamisha, ni kukaa na kuangalia tu.

Leo sikuombi tairi. Nataka kujua mzee alisema nini hasa. Niandikie maneno yake, kama alivyoyatamka, nimpelekee mama.

Thuranira


Majimbo, Embu.
31 Mei 1995

Kaka yangu Thuranira,

Nimechana karatasi nne kabla ya hii.

Umeniomba maneno ya mzee. Mzee hakusema kitu, kwa sababu sikumwambia kitu. Wala mwezi wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Ile "nimeshamwambia" ilikuwa uongo. Ile "amekubali kwa mdomo" ilikuwa uongo juu ya uongo. Kila asubuhi niliingia garini na neno lako kooni, nikaziangalia zile tairi nilizozipaka dawa zikameta, nikamwangalia anavyolitazama gari, nikafikiria ile barua yangu mezani kwake, nikalimeza. Nikasema nitamwambia kesho.

Na wewe ulipouliza, ningekujibu nini? Mtu hamwandikii kaka ya mkewe kwamba anaogopa. Hamwambii "hapana" kabisa. Baba yangu hakuwahi kumwambia shemeji yake hapana hata siku moja, alikuwa anasema "tutaona", na kila mtu alijua maana yake. Mimi sikusema hata "tutaona". Kila nilipoandika "ndiyo" niliona nakuheshimu. Ndivyo nilivyojidanganya.

Barua yako ya mwisho ilinifikia Ijumaa. Jumapili nilikuwa naendesha, mzee yuko pembeni, tunatoka kanisani, tairi zinalia uuuuu. Nikasimamisha gari kando ya barabara. Nikamwambia yote kwa kupiga kelele, mpaka nikakumbuka kwamba gari limesimama na hakuna haja ya kelele. Nikamwambia tairi hizi ni za Ruiri, za huko ni za hapa, tubadilishane, na watu wamepoteza ng'ombe.

Akaniuliza, "Kwa nini hukusema?"

Nikasema, "Mzee, nilijua unazipenda."

"Mimi? Mbaka, hii kelele imenimaliza masikio! Nilizipenda wiki moja. Nikirudi kutoka Nairobi kichwa kinauma mpaka asubuhi. Siku ile ya ng'ombe nilidhani tumekufa."

"Sasa mzee, si ungesema tuzitoe?"

"Nilikuona kila asubuhi unazipiga brashi na kuzipaka mafuta kama mtoto wako. Nikasema, huyu kijana anazipenda hizi tairi, wacha nivumilie. Dereva mzuri hapatikani rahisi."

Akaniomba kitabu cha gari. Akaandika palepale, kitabu kikiwa juu ya goti, akatia sahihi. Haikufika dakika moja. Nilihesabu baadaye, kwa sababu sikuweza kuacha kuhesabu.

Tairi zinakuja na lori la mradi wiki ijayo. Meno yamebaki nusu, lami imekula mengine, lakini nusu yake bado inashinda zako. Mimi sitakuja nazo. Sina uso wa kumpelekea mama. Kathambi sijamwambia. Wewe ukimwambia, ni haki yako, na mama pia. Sitakataa neno hata moja.

Mbaka


Ruiri.
19 Juni 1995

Shemeji,

Tairi zilifika Jumatatu ya tarehe tano. Nimezifunga mwenyewe. Nimeteremka kwa Kiambi na kupanda mara tatu kwenye tope lile lile, sikuhitaji hata kushuka garini kuangalia. Zinang'ata. Dawa mpya nayo ilifika, tumechanja waliobaki wote ng'ambo ya mto kwa siku mbili, na daktari amenisemesha kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Kwa mama tulichanja wawili. Ilituchukua muda mfupi sana.

Sijakusamehe, usije ukajidanganya. Barua yako nilipoisoma niliipeleka nyuma ya stoo nikaitukana kwa Kimeru, maana Kiswahili kiliniishia. Dakika moja! Ungeniandikia tu "naogopa", nisingekucheka. Ningechukua trekta. Ningechukua punda. Ningebeba yale masanduku kichwani mwangu. Nimeyarudia hayo kila siku, na kila nikiyarudia nafika mahali pamoja na kukwama. Daktari alitaka kuandika, nani alimzuia? Trekta liliazimwa, nani alilikataa mbele ya watu kwa sababu shemeji yake ametoa neno? Na ile simu ya ofisi, ambayo mzee wako anaishika mwenyewe, nani aliogopa kuinua mkono aipige? Umekuwa mwoga Embu, nami nimekuwa mwoga Ruiri, na kila mmoja aliuita woga wake heshima.

Jana nilikwenda kwa mama na gari. Alikuja akazishika tairi, akaingiza kidole katikati ya meno, akaniuliza kama ndizo hizo. Nikasema ndizo. Akakaa kwenye jiwe. Halafu akauliza, "Huyo mkubwa wenu, kwani alikuwa anakataa kwa nini?"

Nilikuwa nimeinama nakaza nati. Nikamwambia mzee ni mtu mgumu. Nikamwambia Mbaka alimwomba mara tatu, na mara ya tatu nusura amfukuze kazi.

Akasema, "Maskini mkwe wangu, kumbe ameteseka hivyo."

Kathambi naye atasikia hivyo hivyo, na ukija usinisahihishe mbele yao. Mama ameniagiza nikupe pole. Ndiyo hiyo, ipokee.

Thuranira